Pishi na Fisi

Alifika Usoma mvua ikinyesha, viatu mkononi,
gari la misheni limenasa kwenye udongo mweusi.
Kabla hajataja jina lake, Hyewon,
watoto walikwisha kumwita Akoth.

Mchungaji akaniambia: Huyu msaidizi wako wa Kiingereza.
Sikujibu. Miaka kumi na sita
nimefundisha Kiingereza hapa bila msaidizi,
mingine bila vitabu,
na muhula mmoja, sitausahau, bila mshahara.
Nikampa chaki. Nikaenda kukaa nyuma
kati ya Oguda na Apondi, magoti yakigonga dawati,
kama mtu aliyerudishwa darasa.

Alitundika picha ya samaki.
Samaki! Usoma!
Hapa karo hulipwa kwa omena,
na sketi ya Apondi ina magamba kwenye pindo
tangu Jumatatu.

Akaelekeza kidole, akatamka: "Pishi."
Nikamwona mama yangu na kipimo cha mtama,
akikisawazisha kwa kiganja
mteja asipate hata punje ya bure.
Darasa likajibu kwa mapafu yote: "Fis!"
Na fisi mwenyewe akaingia,
akapita kati ya madawati, kiuno chini,
asimwangalie mtu.

Pishi. Fis.
Pishi. Fis.
Kila upande ukiamini umepatia.

Mapumzikoni nilimkuta nyuma ya tangi la maji,
uso mwekundu. Akaniambia polepole
kwamba kwao sauti ile ya mwanzo haipo;
kanisani kwao walimpigia makofi akiondoka
na hakuna aliyeuliza kama anaiweza.
Nikamwambia kwetu haipo ile ya mwisho.
Chuoni nilisema "sule", bweni zima likaanguka vitandani.
Niliisaka usiku, chooni, peke yangu:
sh, sh, sh,
kama baba anayebembeleza mtoto asiyekuwepo.
Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu.

Kesho yake tukamgawana samaki.
Watoto walishika kichwa: f,
puliza makaa, meno juu ya mdomo.
Akoth akashika mkia: sh,
mtoto amelala.
Asubuhi nzima samaki alikatika katikati,
mara kichwa bila mkia,
mara mkia ukitangulia.
Karibu na kengele ya uji
akapita mzima mara moja, mara moja tu,
na Oguda akapiga dawati kana kwamba amemvua yeye.

Siku za Ijumaa Akoth aliomba kwa lugha yake.
Sisi tulidhani Mungu anajua Kijaluo, Kiswahili,
na Kiingereza cha mtihani.
Watoto walifumbua jicho moja moja
kuona kama paa litajibu.
Amina yake ilikuwa kama yetu. Hilo liliwashangaza
kuliko yote yaliyotangulia.

Wiki kumi na moja, akaenda.
Ripoti ya misheni ilisema watoto arobaini na watatu
wamesaidiwa. Niliisoma mara mbili.
Nikachukua kalamu kuongeza jina moja,
nikairudisha mfukoni: fomu haikuwa na nafasi.
Alama zetu zilipanda kidogo muhula ule,
muhula uliofuata zikashuka,
kwa kuwa maji ya ziwa yalipanda pia
na nusu ya darasa ilihamia kwa shangazi.

Jana simu ililia. Ujumbe wa sauti, sekunde nne.
F ndefu, upepo wa kweli kwenye makaa,
kisha neno lote, safi, bila mfupa.
Niliwasikilizisha darasa, simu nimeiinua juu.
Wakashangilia. Apondi akasema, rudia.
Oguda alingoja kelele ziishe,
akashika kidevu kama mnunuzi wa sokoni:
"Mwalimu, ameweza.
Lakini mimi nilimpenda yule wa pishi."